Baunsi ya Weji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukigeuza weji, fimbo ya gofu ya mikwaju mifupi ya kuinua mpira, na kuitazama, mara nyingi utakuta namba mbili zimechorwa kwenye kichwa: 56 na 10, au 60 na 4. Ya kwanza ni lofti, yaani pembe ambayo uso wa fimbo umelalia nyuma, na wachezaji wengi wanaijua. Ya pili ni baunsi, na ndiyo inayoamua kama fimbo itateleza chini ya mpira au itazama udongoni. Wanagofu wengi hununua weji kwa kuangalia namba ya kwanza tu, kisha wanahangaika miaka na miaka wakidhani kasoro iko mikononi mwao. Maelezo ya hapa chini yanamlenga mchezaji wa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze pande.

Baunsi ni nini hasa?

Weka weji juu ya meza ngumu, mpini ukiwa wima kabisa. Inama uangalie kwa upande. Utaona ukingo wa mbele, ule ulio chini ya uso wa fimbo, haugusi meza. Kinachogusa ni sehemu iliyotuna ya soli (upande wa chini wa kichwa), nyuma kidogo ya ukingo huo. Vuta mstari kutoka pale soli inapogusa hadi kwenye ukingo wa mbele: pembe kati ya mstari huo na meza ndiyo baunsi, nayo hupimwa kwa nyuzi. Pembe ikiwa kubwa, ukingo umeinuka sana. Ikiwa ndogo, ukingo umelala karibu na ardhi.

Kazi yake ni moja, kukizuia kichwa cha fimbo kisizame. Kinaposhuka kwenye mchanga au nyasi, sehemu iliyotuna inagusa mapema, inasukumwa juu, na kichwa kinaendelea mbele, kama tumbo la mashua linavyopanda juu ya wimbi badala ya kulitoboa. Bila baunsi, ukingo wa mbele ungeingia moja kwa moja na kukwama.

Namba zilizochorwa kwenye weji zinasomwaje?

Maandishi yanayoonekana sana ni 56.10, 56/10 au 56-10, yaani lofti ya nyuzi 56 na baunsi ya nyuzi 10. Baadhi ya kampuni huongeza herufi mwishoni kuonyesha namna soli ilivyosagwa. Nyingine haziandiki namba ya baunsi kabisa, zinaweka neno au alama ya kuonyesha kama ni ndogo, ya kati au kubwa. Weji ya pichi inayokuja na seti ya ayani (fimbo za chuma) kwa kawaida huandikwa P au PW peke yake, hivyo namba zake utazipata kwenye maelezo ya kampuni au kwa kuipima.

Ipi ni baunsi ndogo, ya kati na kubwa?

Nyuzi 4 hadi 6 ni ndogo. Kuanzia 7 hadi 10 ni ya kati. Zaidi ya 10 ni kubwa, na weji nyingi za kawaida zinaishia 14. Mgawanyo huu si sheria ya mtu yeyote, ila wauzaji na watengenezaji wengi wanaufuata, na unatosha kwa mazungumzo ya dukani.

Kwa aina za weji, ya pichi huwa na lofti ya nyuzi 43 hadi 48, ya kati huwa 50 hadi 52, ya mchanga 54 hadi 58, na ya kuinua mpira juu 58 hadi 64. Kwa kawaida baunsi kubwa zaidi iko kwenye ya mchanga, kwa sababu ndiyo kazi iliyoizaa.

Nani alianzisha jambo hili?

Jina linalohusishwa zaidi na weji ya mchanga ni Gene Sarazen wa Marekani. Kabla yake wachezaji walitoka bankani, yaani kwenye shimo la mchanga, kwa fimbo iliyoitwa niblick, yenye lofti kubwa lakini ukingo mwembamba uliochimba. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilijitokeza weji nyingine yenye uso uliobonyea katikati. Horton Smith aliitumia, na Bobby Jones alikuwa nayo mwaka 1930 aliposhinda mataji yake makubwa manne. Mwaka 1931 ilipigwa marufuku, maana uso uliobonyea ungeweza kuugusa mpira mara mbili katika pigo moja.

Sarazen alichukua njia tofauti. Aliuacha uso ukiwa bapa, akaongeza chuma nyuma ya soli ya niblick hadi sehemu ya nyuma ikashuka chini kuliko ukingo wa mbele. Mwenyewe alisema wazo lilimjia akiwa kwenye ndege, akitazama mabawa yanavyobadili mwelekeo wa chombo. Mwaka 1932 aliipeleka fimbo hiyo kwenye British Open iliyochezwa Prince's, Sandwich, Uingereza, akaificha isionekane na waamuzi kabla ya mashindano kuanza, kisha akashinda kwa mikwaju 283, mitano mbele ya aliyemfuata. Mwaka huohuo alishinda pia U.S. Open. Weji zote za mchanga zinazouzwa leo zinafuata wazo lilelile.

Kwa nini baunsi ninayoipata uwanjani si ile iliyochorwa?

Namba iliyochorwa ilipimwa mpini ukiwa wima na uso umenyooka. Uwanjani hakuna anayepiga hivyo kila mara. Mambo manne hubadilisha baunsi inayofika ardhini.

La kwanza ni kuinama kwa mpini. Kila nyuzi moja ambayo mikono inatangulia mbele ya mpira wakati wa kupiga inapunguza lofti kwa nyuzi moja na baunsi kwa nyuzi moja. Chukua weji ya 56.10. Mikono ikitangulia kwa nyuzi 6, unacheza na lofti ya 50 na baunsi ya 4. Mikono ikibaki nyuma kwa nyuzi 4, unacheza na 60 na 14. Fimbo ni ileile, tabia ni mbili tofauti kabisa. Sasa chukua 60.4 uisukume mikono mbele kwa nyuzi 7: baunsi imekwisha na kuvuka, ukingo wa mbele unatangulia soli, na kosa dogo tu la kugusa ardhi mapema linaacha mpira palepale ulipo. Huyu ndiye mchezaji anayelalamika kwamba weji yake ya nyuzi 60 “ina mkosi”.

La pili ni kufungua uso. Ukiuzungusha uso utazame kulia, sehemu ya nyuma ya soli inashuka na ukingo wa mbele unainuka. Lofti na baunsi zote zinaongezeka. Ndiyo maana uso hufunguliwa bankani, na ndiyo maana kufungua uso juu ya ardhi ngumu ni hatari.

La tatu ni upana wa soli. Soli pana yenye baunsi ya 8 inaweza kuteleza vizuri kuliko soli nyembamba yenye 10, kwa sababu eneo linalosukumwa na mchanga ni kubwa zaidi. Usilinganishe weji mbili kwa namba peke yake. Zigeuze, uzione soli zake.

La nne ni mviringo wa soli yenyewe. Soli iliyoviringika kutoka mbele hadi nyuma inasamehe mikao mingi ya mikono. Iliyo bapa hufanya kazi vizuri pale tu unapopiga kwa mkao uliokusudiwa.

Nitajuaje baunsi inayoufaa mkwaju wangu?

Anza na alama unazoacha kwenye nyasi. Piga mipira 10 ya mita 40 hadi 50 kutoka fewei (njia ya nyasi fupi) ya kawaida, kisha rudi uzitazame. Ukikuta vishimo vyenye kina, nyasi zimeng'oka na udongo, fimbo yako inashuka kwa mwinuko mkali: unahitaji baunsi ya 10 au zaidi. Ukikuta nyasi zimekwanguliwa juu juu tu, au hakuna alama kabisa, fimbo yako inapita karibu sawa na ardhi, na baunsi ya 4 hadi 8 itakutosha.

Kipimo cha pili kinahitaji kalamu ya ubao mweupe. Chora mistari mitatu kwenye soli, kutoka kisiginoni hadi kwenye ncha: mmoja karibu na ukingo wa mbele, mmoja katikati, mmoja nyuma. Piga mipira mitano au sita kutoka ardhi iliyokauka, maana umande hufuta wino kabla ya pigo. Mstari wa mbele ukifutika wa kwanza, ukingo unachimba, ongeza baunsi au punguza kutanguliza mikono. Wa nyuma ukifutika peke yake, baunsi ni kubwa mno kwa mkwaju wako au unaegemea nyuma. Wa katikati ukifutika, weji hiyo inakufaa. Rudia kipimo kwa kila weji, usidhani matokeo ya moja ni ya zote.

Kama una shaka kati ya namba mbili, chukua kubwa. Wachezaji wengi wa wikendi huchimba kabla ya mpira mara nyingi zaidi kuliko wanavyopiga tumbo la mpira, na baunsi kubwa inalisamehe kosa la kwanza. Weji za nyuzi 60 zenye baunsi ya 4 zimejaa kwenye mikoba ya watu ambao zingewafaa za 58 zenye 10, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa sababu ni rahisi kulirekebisha.

Wachezaji wa kulipwa hutumia baunsi ndogo. Kwa nini mimi nisiitumie?

Wapo wanaoitumia na wapo wasioitumia. Wanaoitumia wanacheza kwenye fewei zilizokatwa fupi mno, wanagusa mpira kwanza karibu kila mara, na hubadilisha weji kulingana na uwanja wa wiki hiyo. Wewe unacheza uwanja mmoja na weji zilezile mwaka mzima. Chagua kwa kuufuata uwanja wako.

Uwanja wangu unaathiri vipi uchaguzi wa baunsi?

Kanuni ya jumla ni fupi: ardhi laini na mchanga mwingi vinataka baunsi kubwa, ardhi ngumu na mchanga mchache vinataka ndogo. Lakini kwa Afrika Mashariki kanuni hiyo haitoshi, kwa sababu nyasi zetu zina tabia zake.

Viwanja vingi vya nyanda za juu za Kenya vina nyasi za kikuyu. Asili yake ni huku kwetu kwenye milima, na zimesambaa hadi Afrika Kusini, Australia na California. Fewei za uwanja wa Riviera kule Los Angeles ni za nyasi hizihizi. Kwenye fewei ni raha, mpira unakaa juu. Shida iko kando ya grini, eneo la nyasi fupi mno lenye shimo. Mashina yake ni mazito, yanatambaa na kusukana, na ukingo wa mbele ukiingia chini yake unanaswa: kichwa kinajipinda, uso unafunga, mpira unaenda kushoto au haufiki. Hapo baunsi ya kati hadi kubwa, 8 hadi 12, na soli yenye upana wa kutosha husaidia fimbo ipite juu ya mashina badala ya kuzama ndani yake. Piga kwa uthabiti, shika kwa nguvu kidogo zaidi kwa vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto. Usijaribu kuuviringisha mpira ndani ya kikuyu ukitegemea utadunda hadi grini, nyasi zitaukamata. Utue kwenye grini yenyewe.

Upande wa pwani ardhi mara nyingi ni ya kichanga na nyasi ni za jamii ya bamuda, zenye mwelekeo wake. Mpira ukikaa pale nyasi zinapokutazama wewe, yaani zimelalia upande unaotoka, ukingo huzama kwa urahisi. Gusa nyasi kwa mkono pembeni, mbali na mpira, uone zimelalia wapi, kisha uchague fimbo. Zikiwa zinakukabili, tumia weji yenye baunsi zaidi au acha weji kabisa uchukue ayani 8, uviringishe.

Majira nayo yanahesabika. Masika yakikolea, fewei zinalowa, na weji ya 54.12 inakuwa rafiki mkubwa. Kiangazi kikishika na udongo ukapasuka, weji hiyohiyo itakurushia mpira upande wa pili wa grini. Na ikiwa unacheza kwenye uwanja wenye brauni (grini za mchanga) badala ya grini za nyasi, ambako pembeni pamekuwa pagumu kwa kukanyagwa, weji yenye lofti kubwa haina faida: tumia ya pichi au ayani 9, mpira ushuke chini mapema na kukimbia.

Nawezaje kuitumia baunsi kutoka bankani?

Kwa mpira uliokaa vizuri juu ya mchanga mkavu, chukua weji ya 54 hadi 58 yenye baunsi isiyopungua 10, kisha fuata utaratibu huu.

1. Fungua uso kwanza, halafu ndipo ushike. Zungusha mpini hadi uso utazame kulia kwa nyuzi 20 hadi 30, kisha weka mikono. Ukishika kwanza na kupinda viganja, uso utarudi kunyooka wakati wa kupiga, na baunsi yote uliyoitafuta itapotea.

2. Panua miguu kuliko kawaida na uichimbie ndani ya mchanga sentimita 2 hadi 3. Hii inakupa uthabiti na inakuonyesha kama mchanga una kina.

3. Mpira uwe mbele, karibu na kisigino cha kushoto kwa upande wa ndani. Uzito uegemee mguu wa kushoto, asilimia 60 hivi, na ubaki huko hadi mwisho.

4. Mikono isitangulie mpira. Mpini uwe karibu wima, mikono ikiwa chini kidogo kuliko kawaida.

5. Lenga mchanga ulio sentimita 4 hadi 5 nyuma ya mpira, na utokee mbele yake. Hugusi mpira kabisa. Mchanga ndio unaoubeba.

6. Piga kwa mzunguko mkubwa mara mbili hivi ya ule ambao ungetumia kwenye nyasi kwa umbali uleule, na umalizie kifua kikitazama bendera.

Mazoezi yenye faida hayahitaji mpira. Chora mstari mrefu mchangani, simama ukiwa nao pale ambapo fimbo inatakiwa kuingia, upige mara 10 ukisogea kidogo kila mara. Kila alama ianze kwenye mstari, iwe na urefu wa sentimita 15 hadi 20 na kina cha sentimita 1 hadi 2. Ikiwa alama ina kina kama cha kikombe na fupi, uso umefunga au mikono imetangulia. Ikiwa inaanza mbali nyuma ya mstari, unaegemea mguu wa kulia. Sikiliza pia: baunsi ikifanya kazi utasikia mlio mzito wa kupiga juu ya mchanga, ukingo ukichimba utasikia kishindo kilichozimika na mikono itahisi kusimamishwa.

Kumbuka sheria. Bankani huruhusiwi kuweka fimbo mchangani karibu kabisa mbele au nyuma ya mpira, wala kuugusa mchanga wakati wa pigo la majaribio au wakati wa kurudisha fimbo nyuma. Adhabu kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju ni mikwaju miwili. Majani makavu na vijiti unaweza kuviondoa tangu sheria mpya za mwaka 2019, ila uangalie mpira usisogee.

Mchanga ukiwa umelowa au mpira umezama, baunsi bado inasaidia?

Mchanga uliopigwa na mvua hushikana, na baunsi kubwa iliyofunguliwa inaudunda kabla haijaingia. Ukingo unapiga mpira katikati, na mpira unaondoka chini na kwa kasi. Nyoosha uso, tumia weji yenye baunsi ndogo (60.6, au hata ya pichi), ingia sentimita 2 hadi 3 nyuma ya mpira na ufupishe mzunguko, maana mpira utatoka kwa kasi zaidi.

Mpira uliozama nusu unataka kinyume cha yote yaliyotangulia: hapa ndipo unapotaka fimbo ichimbe. Weka mpira katikati ya miguu, nyoosha uso au uufunge kidogo, tanguliza mikono, inua fimbo kwa mwinuko na uishushe nyuma tu ya mpira. Utatoka chini bila kuzunguka kinyume na utakimbia sana, kwa hiyo lenga pale penye nafasi ya kukimbilia hata kama si kwenye bendera. Kama umezama chini ya mdomo wa banka, fikiria kuutangaza kuwa hauchezeki. Kwa adhabu ya mkwaju mmoja unaudondosha ndani ya banka ileile, na kwa jumla ya miwili unaweza kutoka nje, nyuma kwenye mstari wa bendera na mpira.

Kwa nini napiga tumbo la mpira kwenye ardhi ngumu?

Soli inafika ardhini kabla ya mpira, ardhi haipokei, kichwa kinaruka, na ukingo wa mbele unaukuta mpira katikati. Baunsi kubwa inaliongeza kosa hili, lakini chanzo ni kugusa nyuma ya mpira. Sogeza mpira nyuma kwa upana wa mpira mmoja, tanguliza mikono kidogo tu, uso unyooke, na utumie lofti ndogo kadiri nafasi inavyoruhusu. Wachezaji wengi hufungua uso wa weji ya 60 hapa kwa sababu bendera iko karibu. Ni mkwaju wa watu wachache sana, na hata hao huukwepa wakiweza.

Nibebe weji ngapi, na baunsi zake zipangweje?

Sheria inakuruhusu fimbo 14 kwa jumla. Ukizidisha kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju, unaadhibiwa mikwaju miwili kwa kila shimo lililoathirika, isiyozidi minne kwa raundi.

Anza kwa kujua lofti ya weji ya pichi ya seti yako. Seti za siku hizi zina pichi ya nyuzi 43 hadi 45, imara kuliko za zamani, hivyo ukirukia moja kwa moja kwenye 56 unaacha pengo la nyuzi 11 au zaidi, ambalo uwanjani ni mita 30 hivi usizo na mkwaju kamili wa kuzifikia. Acha nyuzi 4 hadi 6 kati ya weji na weji: 44, 50 na 56 zinatosha wengi, 46, 50, 54 na 58 kwa anayetaka usahihi zaidi.

Baunsi zisifanane zote. Mpango mzuri kwa uwanja unaobadilika na majira ni 50.8, 54.12 na 58.6: ya kwanza kwa mikwaju kamili ya fewei, ya pili kwa mchanga na nyasi laini, ya tatu kwa ardhi ngumu na mchanga uliolowa. Anayechimba sana aibadilishe ya mwisho iwe 58.10.

Herufi kama F, M na K zinamaanisha nini?

Zinaonyesha namna soli ilivyosagwa, yaani chuma kimeondolewa wapi. Hizi ni za weji za Vokey za Titleist. Kila kampuni ina herufi zake na hazilingani. Kwa Vokey, F ni soli kamili kwa mikwaju ya uso ulionyooka. M imesagwa kisiginoni, kwenye ncha na nyuma, hivyo ukifungua uso ukingo haupandi sana. K ni pana, mara nyingi yenye baunsi kubwa, na ni ya kutafutwa na anayeogopa banka. Kama hufungui uso mara kwa mara, usilipie usagaji wa kufungulia uso.

Nimepata weji za mitumba. Nitapimaje baunsi nyumbani?

Unahitaji meza ya kioo au marumaru na kadi kadhaa za benki. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76. Simamisha weji, mpini wima kutoka pande zote mbili (mwenzako akushikie kwa kufuata fremu ya mlango), kisha ingiza kadi chini ya ukingo wa mbele, katikati ya uso, hadi nafasi ijae. Kwa soli inayogusa meza milimita 12 hivi nyuma ya ukingo, kadi moja ni baunsi ya nyuzi 4, kadi karibu tatu ni 10, na kadi nne ni 14. Ni makadirio, kwa sababu soli zimeviringika, lakini yanatosha kukuambia kama namba iliyochorwa bado ni ya kweli.

Haiwi ya kweli kila mara. Mmiliki wa kwanza anaweza kuwa aliisaga soli au aliipinda shingo, pale kichwa kinapoungana na mpini. Tazama kama soli ina mikwaruzo inayokwenda upande mmoja, rangi ya chuma isiyolingana, au kisigino chembamba kuliko picha ya modeli hiyo. Pitisha ukucha kwenye mifereji ya uso: ukiteleza bila kukwama, uso umechoka na mpira hautazunguka vya kutosha, hata baunsi ikiwa sahihi.

Naweza kuibadilisha baunsi ya weji niliyonayo?

Unaweza, kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuipinda shingo kwenye mashine ya kupimia lofti. Kuongeza lofti kwa nyuzi moja huongeza baunsi kwa nyuzi moja, na kupunguza hupunguza vilevile: 56.10 ikipindwa kuwa 54 itakuwa na baunsi ya 8, na 54.12 ikipelekwa 56 itakuwa na 14. Usivuke nyuzi 2. Vichwa vilivyofuliwa kwa chuma laini hupindika bila shida. Vilivyomiminwa kwa chuma kigumu vinaweza kupasuka shingoni.

Ya pili ni kuisaga soli. Hii hupunguza tu. Chuma kilichotoka hakirudi. Usimpe fundi asiyejua gofu na mashine yake ya kukatia vyuma. Kila gramu 2 zinazotoka hubadilisha uzito unaouhisi wakati wa kuzungusha, na gramu 10 zikitoka utahitaji utepe wa risasi nyuma ya kichwa ili kuurudisha. Uso na mifereji visiguswe kabisa: mifereji iliyonolewa hadi kuvuka kipimo inaifanya fimbo kuwa haramu, na kupiga nayo kwenye mashindano ni kuondolewa. Kazi yoyote ya aina hii ifanyike kabla ya raundi, maana kubadilisha tabia ya fimbo katikati ya mchezo hairuhusiwi.

Nina weji ya pichi ya seti tu. Ninunue ipi kwanza?

Nunua ya nyuzi 56 yenye baunsi ya 10 hadi 12 na soli ya upana wa kati au zaidi. Itakutoa bankani, itapita kwenye kikuyu, na kwa uso ulionyooka na mikono iliyotangulia kidogo itacheza hata kwenye fewei kavu. Baada ya hapo jaza pengo la 50. Ya nyuzi 60 iache hadi alama zako mchangani zianze kwenye mstari mara nane katika kumi.